Irimu Lisilo na Kamba

Watu waliokuwa sokoni Laare siku hiyo watakwambia ulikuwa mchezo. Walicheka, walipiga makofi, wengine walipanda juu ya pikapu za miraa ili waone vizuri. Sasa wewe utamwamini nani, soko zima au mimi peke yangu? Niamini mimi. Soko lilikuwa linatazama. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto wangu, navuta.

Sitaapa kwa Biblia, maana waongo wengi wameishika kabla yangu na mikono yao haikuungua. Nitasema jinsi ilivyokuwa, na ukitaka kucheka, cheka ukishamaliza.

Kwetu Desemba ikifika barabara hubadilika. Wenye kazi Nairobi wanarudi na viatu vipya, vijana waliokuwa jandoni wanatolewa, na kutoka steji mpaka sokoni ni nyimbo na ngoma na vumbi. Kikundi chetu cha akina mama ndicho huleta Irimu. Kama hukulelewa huku, Irimu ni lile zimwi la hadithi za shosho, bibi zetu. Mbele ni mtu kama wewe, tena mtu wa kupendeza, lakini kisogoni, chini ya nywele, lina kinywa cha pili. Cha mbele ni cha kuongea na kuchekea watu. Cha nyuma ndicho kinachokula.

Aliyekuwa akilivaa miaka yote ni fundi mmoja wa baiskeli. Mwaka huo akaokoka. Akasema hawezi kuwa chombo cha Bwana asubuhi na Irimu mchana. Akina mama wakatazamana, kila mmoja akaanza kukumbuka mgongo wake unauma. Mimi nikasema, leteni hilo gunia.

Unataka kujua kwa nini? Hasira. Nilimaliza kidato cha nne, nilikuwa naigiza katika drama za shule, mwalimu alikuwa akiniambia nina sauti ya kujaza ukumbi. Sauti hiyo sasa ilikuwa inajaza jiko la mama mkwe wangu. Mume wangu yuko Timau kwenye shamba la maua, anarudi mwisho wa mwezi akinuka dawa ya kupulizia, anakaa kitini, anauliza kwa nini nimekonda. Mtoto usiku halali. Mchana halali. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu akiniambia "habari ya asubuhi" nataka kumrushia kitu. Kwa hivyo kuvaa gunia na kukimbiza watu barabarani nikinguruma, bila mtu kujua ni mimi, kwangu haikuwa kazi. Ilikuwa dawa.

Mama mkwe aliposikia akaweka kikombe chini.

"Mwanamke anayenyonyesha haingii ndani ya Irimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haingii."

Hilo ni jibu? Ningepewa sababu ningekaa nyumbani. Sikupewa, nikaenda. Lakini nimpe haki yake, alikuja. Alikasirika, akanung'unika njia nzima, lakini alimbeba mtoto akaja naye, kwa sababu alikuwa anaota meno na alikuwa hataki uji wala maziwa ya ng'ombe, anataka mimi tu.

Vazi lenyewe ni magunia yaliyoshonwa pamoja, yamefunikwa majani makavu ya mgomba toka shingoni mpaka chini. Ukitembea unasikika kama moto unaoanza kushika. Kichwani unavaa kibuyu kikubwa kilichotobolewa macho. Nyuma ya kibuyu ndiko kuna kile kinywa, kimechongwa na kupakwa rangi nyekundu, meno yake ni punje za mahindi, na juu yake kunaning'inia nywele za katani. Huwezi kujivalisha. Mwenyekiti wetu, Mama Mwenda, ndiye alinifunga kamba mgongoni, kuanzia kiunoni hadi kisogoni, akinikandamiza kwa goti kama anayefunga mzigo wa punda.

"Kama unataka kwenda haja, sema sasa," akaniambia. "Nikishakaza, ni mpaka jioni."

Aliniachia mwanya mmoja tu kifuani, wenye vifungo, wa kunyonyeshea. Tulicheka sana kwa huo mwanya. Irimu lenye maziwa!

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Irimu linatembea mbele ya ngoma. Likiona mama mwenye mtoto linamrukia, linanyoosha mikono, linasema, "Huyu ni wangu!" Mama anajibu, "Si wako! Rudi msituni!" Umati wote unaitikia, "Rudi msituni!" Irimu linaanguka, linagaagaa kwenye vumbi, linatoroka, watoto wanalifukuza. Basi. Na ni lazima mama ajibu. Asipojibu mchezo hausongi, Irimu linabaki limesimama pale limenyoosha mikono, na watu wanamsukuma mama mabegani, "Jibu! Si ujibu!" Ndivyo ilivyokuwa hata kabla babu zetu hawajajua suruali.

Mimi nilikuwa hodari. Nasema ukweli, sijisifu. Niliwarukia mpaka mama mmoja akaangusha ndizi zake zote akakimbia akiacha kiatu. Nilinguruma hasira yangu yote ya mwaka mzima, na watu wakafikiri ni sanaa.

Maziwa yalipojaa nilienda pale mama mkwe alipokuwa amekaa, kwenye baraza ya duka la mbolea. Nikanyoosha mikono. Hakuniuliza kitu, akanipa mtoto. Nikaketi nyuma ya duka na kibuyu changu kichwani, nikafungua mwanya, mtoto akanyonya huku akichezea majani. Alipomaliza nikamrudisha. Nakwambia hili ili usimlaumu yule mama kwa kile kinachokuja. Alikuwa amezoea. Irimu likija kunyoosha mikono, Irimu hilo ni mimi.

Sasa sikiliza. Ilikuwa mchana, jua limepanda, ukungu wa milima ya Nyambene umeisha kabisa. Nasema hivyo usije ukaniambia nilidanganywa na giza. Nilikuwa napita mahali wanapofunga miraa, wale vijana wanaokaa chini kwenye mabunda ya majani ya mgomba, mikono ikifanya kazi yenyewe na midomo ikitukana wapita njia. Mmoja akaniita.

"Wewe Irimu! Pacha wako amepita hapa sasa hivi!"

Mwingine akasema, "Mwaka huu mmeleta na spea!"

Wakacheka. Nikageuza kibuyu, maana ndani ya kibuyu huoni pembeni, lazima ugeuze kichwa chote. Na kweli, kando ya bucha, lilikuwa limesimama Irimu. Kimo changu. Majani yangu. Hata gunia lilikuwa na ule mchirizi wa rangi ya buluu uliokuwa kwenye paja langu la kushoto.

Unafikiri niliogopa? Nilikasirika. Nilijua mara moja kilichotokea, yaani nilifikiri nimejua. Mama Mwenda ameona sitoshi. Ameshona jingine kwa siri, amemvisha mtu wake, mimi nazunguka kama mjinga. Nikaenda moja kwa moja.

"Wewe ni nani, na nani amekutuma?"

Halikunijibu likiniangalia. Lilinipa mgongo. Nywele za katani zikaachana katikati kama pazia, na kile kinywa cha nyuma kikasema, "Umefungwa vizuri."

Nikasema moyoni, huyu ni stadi, ameficha redio wapi?

"Nani amekufunga?" likaniuliza.

"Mama Mwenda. Kwani wewe amekufunga nani?"

"Mimi sikufungwa na mtu."

Nikatazama. Nilikuwa karibu, ningeweza kuligusa. Nilitafuta kamba kwenye mgongo ule kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Hapakuwa na kamba. Hapakuwa na mshono. Majani yalikuwa yameota pale pale mwilini, kama manyoya yanavyoota kwa kuku. Na nzi wa bucha, unajua nzi wa bucha walivyo wengi Desemba, walikuwa wanaingia kwenye kile kinywa mmoja baada ya mwingine. Nilingoja watoke. Hakuna aliyetoka.

"Leo umepata wangapi?" likaniuliza, kama vile mchuuzi anavyomuuliza mchuuzi mwenzake.

Na mimi, mdomo wangu huu usiojua kunyamaza, nikajibu. "Hata mmoja. Wote wananinyima. Si ndivyo mchezo ulivyo?"

"Unauliza vibaya," likasema. "Wewe unamuuliza aliyezaa. Uliza aliyebeba."

Maziwa yakanitoka. Wewe mama unayesoma unajua ninachosema. Kichwa bado kinabishana na mwili umeshaelewa. Gunia likalowa kifuani. Nikataka kulishika mkono, lakini hapo ndipo vijana waliotoka jandoni walipita na nyimbo zao, msururu mrefu, wamejipaka, wanarukaruka, wanapiga filimbi, wakanisukuma huku na huku. "Toka njiani, Irimu!" Walipopita, kando ya bucha palikuwa na ndoo ya utumbo na mbwa. Basi.

Nikakimbia. Jaribu wewe kukimbia umefungwa kama mzigo wa punda, unaona kwa matundu mawili, na kila hatua watoto wanakushika majani wakifikiri unacheza nao. Niliwasukuma. Mmoja nilimwangusha, na sijuti.

Baraza ya duka la mbolea ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikaona mama mkwe amesimama. Nikaona mbele yake majani ya mgomba, na mikono imenyooshwa.

"Huyu ni wangu," lilisema.

Na halikusema kwa ile sauti ya kunguruma niliyokuwa natumia barabarani. Lilisema kwa sauti yangu ya nyumbani. Ile ya jikoni, ya uchovu, ya kusema chumvi imeisha.

Mama mkwe alikuwa amechoka pia. Nilimsikia vizuri. "Shika basi. Amekulilia mpaka ameishiwa."

Akampa. Kwa mikono yake miwili, kwa upole, akimrekebishia kofia.

Nilifika na sikusimama. Niliingia na kichwa, kibuyu kikagonga, nikamshika mtoto mguu. Soksi ikatoka mkononi mwangu. Nikashika tena, nikapata kifundo, nikavuta. Lile likavuta. Na mtoto? Hakulia. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Alikuwa anakitazama kile kibuyu akitabasamu na ufizi wake, kama anavyonitabasamia mimi.

Na watu wakaja! Wakaja mbio, wakatuzunguka, hawajawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mairimu mawili yanagombania mtoto!

"Vuta! Vuta!"

"Gawaneni! Mmoja achukue juu, mwingine chini!"

"Huyu wa kushoto ana nguvu, mimi niko na wa kushoto!"

Mama Mwenda alifikiri ni ubunifu wangu. Nilimsikia anawaambia wapiga ngoma, "Ongezeni! Ongezeni!" Ngoma zikaongezwa. Mimi nalia ndani ya kibuyu, na ngoma zinaongezwa.

Nikapiga kelele, "Mama, huyo si mimi!"

Nalo likapiga kelele, "Mama, huyo si mimi!"

"Mimi ndiye mama wa mtoto!"

"Mimi ndiye mama wa mtoto!"

Sauti moja. Pumzi moja. Watu wakaanguka kwa kicheko. Bibi mmoja alikuwa anajipangusa machozi kwa leso. Nikapeleka mkono mmoja nyuma nivue kibuyu wanione uso, lakini zile kamba zilikuwa zimelowa jasho, zimejikaza, vidole vinateleza. Fikiria hilo. Umati mzima uko pale, mama mkwe wako yuko hatua moja kutoka kwako, na hakuna mtu duniani anayeweza kukutofautisha na jinamizi. Mama mkwe alikuwa anageuza macho, huku, kule, huku, kule. Mikono yake imeinuliwa hewani haijui iende wapi. Sijawahi kumwona mwanamke yule hajui la kufanya.

Lile likaona pia. Likaona anasitasita, likataka kummaliza. Likamwinua mtoto juu, mguu ukanitoka, na likamwita kwa jina. Kwa sauti yangu, kwa mapenzi, kama mama anavyoita mwanawe.

Mama mkwe akashusha mikono.

Hapa nikueleze, maana kama si mtu wa huku utapita bila kuelewa. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hivyo jina la mtoto wangu ni jina la mama mkwe wangu. Sasa mke wa mwanawe atalitamkaje? Halitamki. Ni kumvua mama mkwe nguo mbele ya watu. Mtoto unamwita "Mama", unamwita "Shosho", unamwita "Mzee wangu", unatafuta njia. Mimi na yule mama tumegombana mpaka sufuria zikaruka, nimemwambia maneno ambayo sitayarudia, lakini jina lake halijawahi kupita kwenye meno yangu. Hata hapa siliandiki. Wanawake wote waliokuwa pale wanajua desturi hiyo, lakini walikuwa wanacheka sana, hawakusikia. Yeye alisikia.

Akalisogelea lile lililokuwa limembeba mtoto. Mwanamke mfupi, mwenye sweta la kanisa. Akaliuliza polepole.

"Nani amekuambia jina langu?"

Mara ya kwanza siku hiyo, vinywa vya lile Irimu vyote viwili vilikuwa vimefungwa.

"Nimekaa na yule msichana tangu aolewe," mama mkwe akasema. "Ana mdomo mchafu. Anapika vibaya. Jina langu hajawahi kulitaja." Halafu akasema yale maneno ya mchezo, lakini hakuyaimba kama wanavyoyaimba barabarani. Aliyasema kama mtu anayefunga mlango. "Huyu si wako. Rudi msituni."

Na umati, kwa sababu ndivyo ulivyozoea, kwa sababu maneno yalikuwa yamefika mahali pake, ukaitikia kwa kishindo ukiwa bado unacheka:

"RUDI MSITUNI!"

Nikaona majani ya lile Irimu yakilala yote kwa pamoja, kama shamba la ngano upepo ukipita. Mikono yake ikashuka. Ikamweka mtoto kwenye mikono ya mama mkwe, taratibu, hata kofia haikuanguka. Unaelewa? Wale watu ndio waliomwokoa mtoto wangu, na hawajui, na ukiwaambia watakuuliza kama mwakani tutarudia.

Lilipita karibu nami. Lilikuwa linatembea kinyumenyume, au kimbelembele, sijui niseme vipi, kisogo ndicho kilikuwa kinaangalia njia. Kile kinywa kikasema, polepole, kama mwanafunzi anayenakili kitu ubaoni:

"Kumbe jina haliitwi."

Likaingia kati ya maduka. Watoto wakalifukuza wakiimba, kama kawaida. Walirudi wakisema limeingia shamba la miraa la mtu, na hawakuona limetokea wapi.

Mama Mwenda alinikata kamba kwa kisu cha kukatia majani. Alikuwa amejaa furaha. "Lakini ungeniambia mapema unaleta mwenzako, ningepanga ngoma vizuri. Ni nani yule? Ni wa kule mjini Maua?" Nilimtukana. Nilimtukana mama mwenye wajukuu, mwenyekiti wa kikundi, mbele ya watu, na mpaka leo hatusalimiani. Alifikiri nina wivu kwa sababu yule mwingine alicheza vizuri zaidi.

Mume wangu alipokuja nilimweleza. Akasema ni jua. Akasema mwanamke akinyonyesha asikae juani na gunia. Nikamuuliza, na mama yako naye alikuwa amevaa gunia? Akarudi Timau.

Ungetaka niishie hapo. Mimi pia ningetaka.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza. Ilikuwa saa ile ya kukama ng'ombe, nilikuwa jikoni namenya viazi, mtoto amelala mgongoni kwa nyanya yake pale uani. Nikasikia mtu anaita langoni. "Mama, nimerudi. Nifungulie, nimnyonyeshe mtoto." Kisu kikasimama mkononi. Ile ilikuwa sauti yangu. Kwa heshima zote. Halikutaja jina. Lilisema "Mama" kama mkaza mwana aliyelelewa vizuri, kuliko mimi.

Nilitoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa katikati ya ua, mkono tayari unaelekea kwenye komeo la lango. Akageuka akaniona. Alirudi kinyumenyume mpaka akanifikia, na tukasimama pale tumeshikana, mimi na yule mama ambaye hatukuwa tumewahi kushikana hata siku ya harusi, tukisikiliza sauti yangu inabembeleza nje. "Mama, kunanyesha. Mama, maziwa yananiuma." Kisha ikanyamaza. Asubuhi matope ya langoni yalikuwa na alama za miguu zinazoondoka tu. Zinazokuja hazikuwepo. Au labda zilikuwa zinakuja. Kwa mtu wa namna ile utajuaje?

Siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliamua. "Kuanzia leo utaniita jina langu," akasema. Nilikataa. Nililia. Si kwa sababu nampenda, ni kwa sababu kuna vitu havifanywi. Akanishika kidevu. "Limejifunza heshima. Sasa wewe ujifunze kuikosa."

Kwa hivyo ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mke wa kijana mnayemsema baada ya kanisa, anayesimama langoni akirudi kutoka shambani na kumwita mama mkwe wake kwa jina kama anaita mbuzi. Mmeniombea. Mmeniletea mama wa kanisa anishauri. Mmemwambia mume wangu amekosa mke. Nilinyamaza kwa sababu ningesema nini? Leo nimesema.

Mtoto ni mzima, anatembea, anaongea kupita umri wake. Ana tabia moja tu. Akikutana na mtu mgeni hamsalimu usoni. Anazunguka nyuma yake, anasimama kwa vidole, anasalimia kisogo. Halafu anangoja kidogo kama anayetegemea jibu. Watu wanasema ni mzaha wa watoto. Mimi kila mara nasimama nikiwa tayari kumnyakua.

Desemba imefika tena. Ngoma zinasikika toka sokoni. Wamekuja kuniomba mara nyingi, wanasema watu bado wanaulizia ule mchezo wa mairimu mawili. Nimewafukuza na maji ya kuoshea vyombo. Na wiki hii, nikiwa kisimani, jirani aliniuliza, "Mbona jana jioni ulimwita mama mkwe wako jina na hakukufungulia? Ulisimama sana pale nje." Jioni hiyo mimi nilikuwa Meru mjini, tumelala kliniki na mtoto, na mama mkwe alijua.

Kwa hivyo jina nalo limeisha. Tumetafuta neno jingine, mimi na yeye, tumelisemea sikioni.

Wewe mwenye mtoto mdogo, nakuonya. Usimfungulie mtu usiyemwona uso, na usimpe mtoto mtu kwa sababu ana sauti ya mama yake. Tafuteni neno lenu, wewe na yule anayekubebea. Liwe neno la aibu, neno ambalo kiumbe mwenye adabu za kujifunza hawezi kulifikiria. Na msimwambie mtu. Nikija mimi mwenyewe kwenu, nikakaa, nikanywa chai yenu, nikakuuliza kwa upole ni neno gani mlichagua, usiniambie. Zunguka kwanza nyuma yangu.